Kabati la Joto

Mume wangu alinirudisha kwetu baada ya miaka tisa, akinitangaza kuwa mgumba. Sasa nasafisha kliniki ambako madaktari hukutanisha yai na mbegu ndani ya kichupa. Majuzi alikuja na mke wake wa tatu, akaambiwa kasoro ni yake, ila siku hizi hata mbegu moja iliyo hai inatosha.

Alinikuta nje ya mlango nikipiga deki, akajua nimesikia. "Mama, nifichie siri."

"Kumbe debe tupu ndilo lililokuwa likivuma," nikamwambia.

Leo mbegu imeshika, na yai lao limelala kwenye kabati la joto. Hedhi yangu ilikoma mwaka juzi. Utaalamu huu ungewahi, mwana huyo angekuwa wangu. Nilifuta kioo cha kabati taratibu, nisije nikamwamsha.