Thao Mbili Mlangoni Kaloleni

Kama hujawahi kusikia gitaa la Amolo wa Kaloleni, pole, umeishi nusu. Alitoka shule darasa la sita, akidai mwalimu alikuwa anamharibia mdundo. Babake, fundi wa reli, alimtengenezea gitaa la debe na nyaya za breki za baiskeli, na kutoka hapo vidole vyake havijawahi kubisha hodi ofisi ya mtu kuomba kazi. Sasa ana miaka hamsini na saba. Kitambi kinasukuma gitaa mbele, lakini akigusa ule uzi mwembamba, kuku wa jirani anasimama mguu mmoja hewani.

Bingwa huyo alikuwa karibu kubaki peke yake. Mpiga ngoma wa bendi yake alishatoroka. Aliyebaki ni Luseno wa besi, miaka ishirini na mbili bega kwa bega, na Luseno naye amepata kazi hoteli fulani Mombasa, mshahara kila mwezi na chumba cha kulala.

"Amolo, sikutakii mabaya," alimwambia. "Nipe Jumapili moja ukumbi wa mtaa umejaa, nitawapigia niseme siendi. Usipojaa, jioni hiyo hiyo niko kwa basi."

Amolo alikonda kwa wiki moja. Benga, huu muziki wetu wa gitaa, bila besi ni kama mtu anayeongea peke yake barabarani, watu wanampisha tu. Kwa hofu hiyo akamwendea Ngigi, anayechapisha mabango kule Makadara na kuvaa miwani ya jua hadi kwenye mvua.

"Mzee, shida yako ni bei," Ngigi akamwambia. "Soo moja mlangoni, shilingi mia, inakuletea watu wa soo. Weka thao mbili, elfu mbili kamili. Wale matajiri wa Karen wakiona bei ndogo wanadhani ni mkutano wa chama."

"Na watu wangu wa mtaa?"

"Si wamekusikia miaka thelathini? Hawajashiba?"

Amolo akacheka, akakubali. Mtu anayezama hashiki tu unyasi, anashika hata mwiba.

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alijua soo ya mlangoni haijawahi kumlisha. Kilichomlisha ni pakruok, ile desturi ya Wajaluo ya kununua sifa. Wimbo ukiwa umekolea, mtu anakuja mbele na noti, muziki unasimama, anajisifu, na mwimbaji lazima amwimbe vile alivyojisifu. Jirani yake akisikia hivyo anawashwa, anakuja na noti kubwa zaidi. Owino, mzee wa reli aliyestaafu, aliwahi kusimamisha wimbo mmoja mara sita. Mkewe alimfichia viatu mwezi mzima asirudi ukumbini.

Jumapili saa tisa, Maurine, binti wa Amolo, akakaa mlangoni na tiketi. Wakaingia watu kumi na wanne. Viti vilikuwa mia mbili. Wageni walikaa miguu wameikunja, simu juu, wanarekodi. Wimbo ukiisha wanapiga makofi ya adabu, kama wako kwa ubatizo. Hakuna hata mmoja aliyesimamisha muziki. Wangejuaje?

Watu walikuwa nje. Kaloleni nzima ilikuwa imejipanga chini ya madirisha, inasikiliza kimya. Luseno alikuwa anaangalia saa.

Amolo akaweka gitaa chini, akatoka mbio hadi mlangoni.

"Owino, ingieni nyote. Leo ni bure. Jazeni viti, nawaomba."

Owino alikuwa na lile koti lake la Jumapili. "Bure? Omera, ndugu, umeniona lini nikila bure?"

"Basi toa soo, kama zamani."

"Bango lako linasema watu wa heshima tu. Nilisoma, nikavaa miwani, nikasoma tena. Leo nikiingia, humo ndani nitakuwa nani? Mtu wa kufunika viti?"

"Luseno anaenda, jaduong', mzee wangu. Usipoingia anaenda leo."

"Nimesikia," Owino akasema polepole. "Na mimi naumia. Lakini siingii."

Nyuma ya Amolo, mgeni mmoja alikuwa anamwambia Maurine kwamba kama wengine wanaingia bure, yeye anataka pesa yake. Amolo akasimama hapo kizingitini, ndani hapamtaki, nje hapamtaki.

Akarudi kwa gitaa. Angeenda wapi? Wimbo ulipofika katikati, mkono wa koti ukapita kwa vyuma vya dirisha, umeshika noti ya soo. Maurine akaichukua. Muziki ukasimama, maana sheria ni sheria.

"Mimi ni Owino," sauti ikasema kutoka nje. "Nyundo ya reli. Niliyesukuma mabehewa mvua ikininyeshea. Leo nasikiliza rafiki yangu kupitia dirishani, kama mwizi."

Noti ikishapokelewa, maneno lazima yaimbwe. Amolo akashika maiki. Akaimba nyundo ya reli. Akaimba mabehewa na mvua. Akafika pale pa dirisha, akafika pale pa mwizi, sauti ikamkatikia, akarudia mstari mpaka ukatoka wote. Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani ni kichekesho. Nje hakuna aliyecheka.

Luseno alimshikilia chini na besi, tamu kuliko siku zote, hadi mlio wa mwisho. Halafu akainama, akachomoa waya kwa spika, akaanza kuukunja kwenye kiwiko.

"Umeimba vizuri, ndugu yangu," akasema, akafunga zipu ya mfuko.