Mashine Iliyonyamaza

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa ukimya wake. Mji wetu wa Bunia ulikuwa umetulia kwa miezi kadhaa, na sisi tuliochoka kukimbia tulikuwa tumeanza kuuzoea utulivu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Dada yangu mkubwa, Furaha, alikuwa mshonaji. Alikuwa na mashine ya kufulia, ile ya kufunguliwa juu, yenye mhimili katikati wa kusukasuka nguo. Asubuhi hiyo maji yaliingia vizuri, mota ikanguruma, lakini mhimili haukusogea hata kidogo. Furaha akasema lazima kuna kitu kimejisokota chini yake. Tukiwa bado tunaitazama, umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Akaona ndiyo nafasi yake, akaanza kuchota maji yaliyokuwa ndani ya mashine.

"Furaha, toa kwanza ile waya ku ukuta," mama akamwambia.

"Courant haiko, mama. Itanikamata na nini?"

Alifungua kifuniko, akalegeza skrubu, akauvuta mhimili mpaka ukatoka. Kweli, kamba ya aproni ilikuwa imejizungusha kwenye chuma cha chini. Akaingiza vidole kuifungua, na umeme ukarudi, chuma kikazunguka na vidole vyake. Kelele zake sitaki kukusimulia. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vya kushikia sindano, havikupona tena.

Jioni mumewe, Baraka, alikaa karibu na kitanda chake. Alikuwa amefunga mzigo. Kesho yake angerudi kwenye shamba lao, upande wa Gety, maana bunduki zilikuwa zimenyamaza, na sindano haingelisha watoto tena.

Mama akautazama ule mzigo. "Na zile bunduki, nani alichomoa waya yake?"

"Mama, kule sasa iko kimya," Baraka akajibu kwa upole.

"Hata hii mashini ilikuwa kimya."

Baraka alienda, na bunduki zikalia tena. Hatukupata hata shati lake la kuzika.

Basi nisikilize. Mashine ikikwama, chomoa waya kwa mkono wako mwenyewe ndipo uiguse. Na watu wakikuambia huko kumetulia, waulize ni nani aliyezima, na amezima nini. Wakikosa jibu, baki hapa kwangu tule haya haya maharage. Mungu akutunzie mikono yako, mwanangu, na kila utokapo akurudishe mlangoni pangu ukiwa hai.