Samuli Kwenye Msumeno

Mama yangu, Zilpah Nekesa wa Musanda, aliamini kwamba kitu chochote kinacholia kimekauka, na dawa yake ni samuli. Samuli ni siagi ya kwetu. Huipati mpaka usukesuke kibuyu cha maziwa hadi mkono ufe ganzi, na harufu yake hukutangulia uendako. Watu wengine huitia kwenye mboga za kienyeji, wakamaliza. Mama aliitia kwenye mboga, kisha akapaka bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli ya baba, shingo ya ng'ombe iliyochubuliwa na nira, na pua ya mtoto yeyote mwenye mafua ambaye hakuwa na mbio za kutosha. Mimi niliingia chuo cha ualimu nikinukia samuli. Najua hivyo kwa sababu msichana niliyepangiwa naye chumba aliacha dirisha wazi muhula mzima, na ulikuwa muhula wa mvua.

Mama hakusoma sana. Maneno aliyoweza kuandika yalikuwa mawili, nayo ni majina yake. Alijifunza ukubwani, baada ya baba kufariki, ili asiwe akibandika dole gumba kila miwa yake ilipopimwa. Alipoyajua hakuyapumzisha. Aliyagonga kwa msumari na nyundo, kitone kwa kitone, chini ya kila sufuria aliyokuwa nayo, kwa kuwa sufuria ikienda matangani bila jina hairudi. Herufi zake zilikuwa kubwa na hazikufanana urefu. N yake ililala nyuma kidogo, kama mtu anayeshuka mlima akiwa na mzigo.

Alipokufa, mwaka jana, sikulia. Nilikuwa na kazi nyingi za muhimu. Nilipanga viti. Niliandika ratiba. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu wasifu wa marehemu, ambao mpwa wangu aliuandika kwa upendo na koma mahali pasipotakiwa. Watu walinisifu, wakasema Jescah ni jasiri. Kwa mafundisho ya Mama, asiyelia ana mafuta ya kutosha, nami nilijiangalia kwenye kioo nikashindwa kuyaona hayo mafuta, ila kiunoni.

Miezi ikapita, nikanunua mashine. Wanawake wengine wa rika langu huanza kukimbia asubuhi au kufuga kuku wa mayai. Mimi nilinunua kwa fundi mmoja pale Kakamega mjini msumeno wa umeme wa kukatia nakshi, ule wenye bledi nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, inayopanda na kushuka huku wewe ukizungusha ubao. Nafundisha sanaa shule ya upili. Kwa miaka mingi nimewaeleza watoto jinsi mbao zinavyochongwa bila mimi mwenyewe kuchonga hata mwiko. Niliona wakati umefika wa mikono yangu kujua kilichosemwa na mdomo.

Tulipokutana nyumbani Musanda kupanga maombi ya kumkumbuka Mama, ndugu yangu Protus alikuwa tayari na mpango wake. Protus ni kitinda mimba wetu, anafanya kazi Nairobi na anapenda vitu vinavyong'aa. Alitaka kuweka kaburini kigae cheusi chenye picha na maandishi ya dhahabu ya Kiingereza.

"Mama hakujua Kiingereza," nikasema.

"Wageni watajua, dada."

"Nataka kumtengenezea jina kwa mbao. Kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa sufuria. Kwa mkono wangu."

Protus alicheka bila ubaya. "Mkono upi? Ule wa chaki? Wewe hata kisu cha kitunguu unakiombeanga kwanza."

Senge Rachael, dada wa baba, ndiye alikuwa akiongoza kikao kutoka kwenye kochi. "Mwacheni mtoto ajaribu," akasema. Nina zaidi ya miaka arobaini. Kwa Senge mimi ni mtoto. "Lakini Jescah, sikiliza. Watu wanasomanga kaburi wakipita. Siku ya maombi jina liwe pale, lote, lisomeke. Likikosekana, tunaweka ya Protus, na hakuna kununa."

Nikakubali. Kigae kikachapwa Nairobi hata hivyo. Protus ni mtu wa tahadhari.

Nilichukua sufuria kubwa ya Mama, nikaweka karatasi chini yake, nikasugua kwa penseli hadi vitone vya msumari vikatokea. Nikaunganisha vitone kuwa herufi. Nikabandika herufi juu ya ubao wa lusiola, mti uliokua karibu na zizi letu, nikawasha mashine.

Lusiola ulikataa. Bledi ilipiga kelele kama nguruwe anayefungwa kamba, moshi ukapanda, na kingo za Z zikatoka nyeusi kama mahindi yaliyosahauliwa kwenye makaa. Nilijua sababu, kwa maana najua sababu za mambo mengi nisiyoweza kuyafanya: msuguano huleta joto, joto huunguza ubao na kufanya bledi iwe butu. Kijitabu kilichokuja na mashine kilikuwa wazi kabisa. Pitisha bledi kwenye nta au mshumaa, kilisema, kisha ukate bila kusukuma. Usitumie mafuta, kwa maana mafuta huingia ndani ya ubao na hakuna gundi wala vanishi itakayoshika tena. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Niliipenda jinsi ilivyojengwa.

Kisha nikawasha tena, bledi ikalia, na kwa kilio kile nikamsikia Mama. Kitu kinacholia kimekauka. Katika kabati la jikoni nilikuwa na chupa ya samuli yake ya mwisho, aliyonipa nikirudi mjini, ambayo sikuweza kuila wala kuitupa. Nikaichukua. Nikachovya kidole, nikapaka bledi juu na chini, polepole, kama alivyokuwa akinipaka puani.

Msumeno ukanyamaza.

Sijawahi kuwa na ushindi mkubwa hivyo maishani, na nimeolewa, nimehitimu. Bledi iliteleza ndani ya ubao kama samaki. Herufi zilitoka moja baada ya nyingine. Kila bledi ilipoanza kunung'unika, nilipaka tena. Nyumba nzima ilinukia jikoni ya Musanda, mboga ya mrere na moshi na maziwa. Nilikata hadi nikasahau chakula. Kijitabu nikakifanya cha kuzuia meza isitikisike.

Siku iliyofuata nilipaka vanishi. Ilikaa juu ya herufi kwa matone, kama jasho kwenye paji la mgonjwa, ikakataa kukauka. Nikaifuta yote, nikajiambia kwamba mbao tupu ndiyo mtindo wa siku hizi. Nikaibandika kila herufi kwa gundi juu ya ubao mweusi wa msingi. Gundi ilikubali kwa shingo upande. Niliweka matofali juu yake usiku kucha na asubuhi nikaamua kuamini.

Maombi yalifanyika Jumamosi, jua kali. Ubao ulisimama kichwani pa kaburi: ZILPAH NEKESA, kwa mwandiko wa sufuria, N ikilala nyuma. Watu walikuja wakaugusa. Mwanamke mmoja wa jirani alinusa vidole vyake, akanitazama, akanusa tena. Gari la Protus lilikuwa limeegeshwa kando ya shamba la miwa, na ndani ya buti, kimefunikwa kwa leso, kilikuwa kigae.

Mchungaji alianza sala ndefu. Nilifumba macho, lakini jicho langu moja si mcha Mungu sana, na kwa jicho hilo nilimwona Bosi.

Bosi ni mbwa wa Mama. Alilelewa kwa makoko ya obusuma, ugali wetu, yaliyopakwa samuli, na tangu Mama afariki hakuna aliyemdekeza vizuri hivyo. Alikuja akinusa hewa, akapita katikati ya miguu ya wanakwaya, akafika kwenye ubao. Akaanza kulamba. Alilamba Z kwa heshima. Alilamba L. Jua lilikuwa limeshailegeza gundi, nayo haikuwa na imani tangu mwanzo. Alipofika kwenye N, N ikamfuata ulimi.

"Bosi," nikanong'ona. "Bosi, rudisha."

"Bosi nani?" Protus akanong'ona kando yangu, macho yamefumbwa.

"Mbwa. Amechukua N."

"Amechukua nini?"

"N ya Mama!"

Hiyo sikuinong'ona. Waumini wote wakafumbua macho, wakamwona mbwa akitoka mbio na herufi mdomoni. Nyuma yake ubao ulisomeka ZILPAH EKESA. Jina halikuwa lote tena. Mchungaji akasema amina mahali ambapo hapakuwa mwisho wa sentensi. Protus akaondoka mbio akielekea kwenye gari, nami nikajua anaenda kuchukua kigae, na kwamba ana haki, na kwamba nilikubali kutonuna. Nikaanza mapema kujizuia kununa.

Alilipita gari. Aliingia moja kwa moja kwenye miwa, na viatu vyake vya Nairobi na suti yake, akiita, "Bosi! Wewe! Lete hiyo!" Tuliona vilele vya miwa vikitikisika, vikaenda hadi mtoni, vikarudi. Mtu akapiga makofi. Mtu mwingine akasema, "Kushoto, Protus, amepita kushoto!"

Alipotoka alikuwa na tope hadi magotini na N mkononi. Ilikuwa na alama za meno kuanzia juu hadi chini. Aliitazama, akaipeleka puani.

"Dada. Hii ni samuli?"

"Ndiyo."

"Umepaka herufi za kaburi samuli?"

"Nilipaka msumeno. Ulikuwa unalia."

 Protus akaketi juu ya nyasi na suti yake, akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko chake kilikuwa kile cha utotoni, ambacho Mama akikisikia alitafuta kisa cha kumpaka samuli. "Huyu mama," akasema. "Ameenda na bado anapakanga watu."

Akaomba nyundo. Hakuomba kigae, akaomba nyundo na msumari, akapiga magoti katika tope lake na kuigongomea N mahali pake. Yale meno ya Bosi yalikuwa yameacha vitone mfululizo, kimoja baada ya kingine, na nilipoinama kuona kama imekaa sawa niliona kwamba sasa inafanana kabisa na ile ya chini ya sufuria.

Ndipo nikalia. Si kwa ujasiri. Nililia kwa sauti, pua na yote, mbele ya wanakwaya.

Senge Rachael alinitazama, ameegemea fimbo yake. "Haya," akasema. "Huyu naye amekauka. Nani ana samuli?"

Niliporudi mjini, nilitoa kijitabu chini ya mguu wa meza, nikapitisha bledi kwenye mshumaa na kukata N nyingine. Kijitabu kilisema kweli. Haikuungua hata kidogo, kingo zake laini, vanishi ikang'aa. Nilimpigia Protus kumwambia nitaileta tuibadilishe.

"Usiguse hiyo ya Bosi," akasema, akakata simu.

Kwa hiyo ninayo hapa mezani, N safi isiyo na jina la kuingia. Nikimaliza kusahihisha, huweka juu yake kalamu yangu nyekundu.