Nyama Yenye Muhuri

Jumamosi, katika bucha moja hapa Makadara, nilikataa kupimiwa nyama kabla sijaona muhuri wa mkaguzi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika papa hapa, kwenye safu yangu ya gazetini, kwamba mji unakua haraka kuliko usafi wake, kwa hivyo ilibidi nionekane nikiyatenda niyasemayo. Mwenye bucha aligeuza paja, akanionyesha wino wa zambarau.

"Umeona, mzee? Ama nikuletee ng'ombe mwenyewe aape?"

Akaifunga nyama kwa gazeti kuukuu, kama wafanyavyo wote, nami nikatoka kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani mke wangu alilibandua lile gazeti, akalisoma.

"Baba watoto, si haya ni maneno yako ya usafi?"

Wino wa gazeti ulikuwa umehamia kwenye nyama. Tuliiosha, tukaila. Hiyo ndiyo safu yangu ya kwanza kumalizwa na nyumba nzima.