Siku Niliyoitikia Jina la Mume Wangu Juu ya Paa

Jamani, leo nacheka kwa sababu miaka imepita na wengi walioona walisharudi makwao, lakini nawaambia ukweli, kuna wiki nzima ambayo sikuthubutu kwenda kuchota maji pamoja na wenzangu. Nilingoja wanawake wote wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, wamalize ndipo nitoke na debe langu, maana kila nilipopita nilisikia mtu anakohoa kile kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu jikoni, najifunika uso kwa leso.

Tulikuwa tunakaa kwenye shamba la makonge kati ya Ruiru na Thika, miaka ile ya hamsini na kitu. Mume wangu Zakayo alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kuchana makonge, na mimi nilikuwa nimetoka Maragoli juzi juzi tu na mtoto wetu Sara mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, chumba kimoja na kijisehemu cha jiko, lakini juu ilikuwa na mabati (wengine walikuwa na nyasi, kwa hiyo msinidharau), ila misumari ya mabati hayo ilikuwa imeliwa na kutu, ukipiga chafya yanacheza.

Basi ikaja barua kutoka kwa baba mkwe, kwamba atafika Ijumaa jioni kwa gari la moshi. Zakayo aliisoma, akaikunja, na ni usiku tukila ndipo akaniambia, "Baba amesikia wanawake wa huku Thika wameharibika. Anakuja kukutazama. Akiona mambo si mazuri, anarudi na wewe nyumbani."

Nilijua maana ya kurudi nyumbani: ningelima shamba la mama mkwe na kumwona mume wangu Krismasi kwa Krismasi, kama bosi hakumnyima likizo. Na mimi nilimpenda Zakayo, acha niseme tu, nilimpenda sana, hata alipokuwa akinuka makonge.

Sasa mjue kwamba kwetu baba mkwe si mtu wa kuchezewa. Humpi mkono, ukimsalimia unapiga goti na kuangalia chini, na asikuone paja hata kwa bahati mbaya. Zaidi ya yote, mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mume wake aliye hai, kwa sababu kupanda ni kama kutangaza kwamba mwenye nyumba ameshakufa. Haya yote niliyajua tangu utotoni, kwa hiyo siwezi kusema eti sikufundishwa.

Alhamisi, karani wa shamba akasoma gazeti akasema kuna tufani imetoka baharini, imeng'oa mapaa huko pwani na huenda ikapanda huku kwetu. Alisema huenda. Kufika jioni, hiyo huenda ilikuwa imepotea njiani, na tufani ilikuwa inabeba ng'ombe. Watu wakajiandaa kila mtu kwa akili yake: mmoja aling'oa mlango wake akaulaza juu ya paa, mwingine akajaza mawe kwenye sufuria zote akabaki hana cha kupikia, na jirani yangu Nyokabi akafunga mbuzi wake kwenye mguu wa kitanda, nilipomuuliza kwa nini akasema, "Mimi nikiruka, na yeye aruke. Siachii mtu."

Zakayo yeye alisema nyapara ameahidi kuleta fundi Jumamosi, tungoje. Ijumaa asubuhi akaondoka, akaniambia akitoka kazini atapitia moja kwa moja stesheni ya Ruiru kumpokea baba yake. Mlangoni akageuka. "Mama Sara, leo tafadhali usinifedheheshe."

"Nitakufedhehesha na nini?" nikamjibu. (Nilikuwa sijui bado.)

Saa kumi hivi mawingu yakaja meusi kutoka upande wa mlima Kilimambogo, na mabati yakaanza kupiga makofi. Nikatazama ile nyumba niliyoifagia mara tatu, nikaona kichwani mwangu mkwe anaketi ndani, paa linaondoka, anasema naam, mambo si mazuri, funga mizigo. Hapo ndipo nilipoamua kwamba siwezi kungoja mwanamume yeyote, napanda mwenyewe nifunge paa kwa kamba ya makonge, nishuke kabla mtu hajaniona, kazi ya dakika kumi. Na kwa kuwa gauni lingejaa upepo nipae kama mwamvuli, nikavaa kaptula ya kazini ya Zakayo na shati lake la kaki, nikasukuma nywele ndani ya kofia yake. Sara nikampa Nyokabi. Nikaweka benchi juu ya pipa, nikapanda.

Kamba nilikuwa nimeshaipitisha juu ya mabati, ncha moja nimeifunga kwenye nguzo ya nje na nyingine imeingia ndani kwenye uwazi wa ukuta, nikasikia sauti ya mzee nyuma yangu.

"Zakayo!"

Sauti hiyo niliijua vizuri. Mzee alikuwa amepata lori Nairobi, hakungoja gari la moshi, na sasa amesimama uani kwangu akiangalia mgongo wangu na kaptula ya mwanawe. Ningelia, ningejifanya nimezimia, ningejirusha upande wa pili, yote yangekuwa bora kuliko nilichofanya. Nilivuta kofia chini nikasema, "Mmh."

"Mwanangu, mbona umekonda hivi? Miguu imekuwa kama ya korongo!"

"Mmh."

"Huyo mwanamke hakupikii?"

Hapo nikakohoa. Mzee akalitazama lile benchi juu ya pipa, akalishusha, akalipeleka kando akaliketia akinipa mgongo, akanyoosha miguu. Mimi nikabaki juu sina pa kukanyaga.

"Afadhali nimekukuta peke yako," akasema. "Sitaki kuzunguka. Nimekuja kumchukua mkeo. Jumapili naondoka naye."

Wenzangu, ningenyamaza! Lakini neno lilinitoka lenyewe, kwa sauti nene kadiri nilivyoweza. "Haendi."

"Umesemaje?"

"Haendi, baba."

"Sauti yako imekuwaje?"

"Mafua."

"Tangu lini unanijibu hivyo? Na baba yako amefika, wewe umekaa juu kama kunguru! Shuka hapa unipe mkono!"

Nilikuwa bado natafuta jibu, Nyokabi akatoka kwake na Sara kiunoni. "Haiya! Mama Sara! Bado uko huko juu? Shuka haraka, upepo imefika, na mtoto analilia titi!"

Mzee aligeuka polepole, akanitazama mara moja tu, kutoka kofia mpaka magoti, kisha akageuka upesi akajifunika macho kwa kofia yake.

"Mama," akamwambia Nyokabi, "niambie. Huyo aliye juu ni nani?"

"Si ni bibi ya Zakayo! Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni baba yake Zakayo."

Nyokabi akasema "Ngai!" akaketi chini palepale na mtoto wangu, akacheka mpaka machozi. Na mimi nikafanya kitu pekee nilichokumbuka katika adabu zote nilizofundishwa, nikapiga goti juu ya mabati, juu ya kichwa cha baba mkwe, nikiwa ndani ya kaptula, nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, "Mirembe, baba."

Hakuitikia, kwa sababu upepo ulifika wakati huohuo. Bati lililokuwa chini ya magoti yangu lilinyanyuka nami, mzee akasikia mlio, akapiga kelele akiwa bado amefunika macho, "Mwambieni alale kifudifudi!" lakini wa kuniambia hakuwepo, Nyokabi alikuwa ameshakimbia ndani na Sara. Nikalala kifudifudi. Mzee akaingia nyumbani kwangu akipapasa ukuta, akaikuta ile ncha ya kamba inacheza, akajizungushia kiunoni, na hapo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akazungumza nami moja kwa moja.

"Wewe mtoto! Shika!"

"Nimeshika! Vuta, baba!"

"Navuta!"

"Vuta zaidi!"

Hebu fikirini, mimi namwamrisha baba mkwe! Mvua ikatunyeshea, yeye chini ndani, mimi juu, hatuonani, paa likinyanyuka tunalirudisha, likinyanyuka tunalirudisha. Paa la stoo ya nyapara nililiona kwa macho yangu likipita kuelekea kwenye makonge.

Ilichukua labda nusu saa. Mvua ilipopungua nikainua kichwa nikaona laini nzima imetoka kuangalia hasara, na wengi walikuwa watu wa kwetu, wa magharibi. Wakaona nini? Mke yuko juu ya nyumba amejilaza kwenye bati. Mzee wa ukoo yuko ndani, amejifunga kamba, amefumba macho. Hawakuuliza. Walijua tu kwamba Zakayo ameliwa na mashine. Mwanamke mmoja akaweka mikono kichwani akapiga ukemi, wengine wakapokea, na kilio cha mume wangu kikaanza rasmi, nami nikipiga kelele kutoka juu kwamba hajafa, ila nani atamsikiliza mjane?

Zakayo akaja anakimbia kutoka barabara ya stesheni, amelowa chapachapa, baba yake hakumpata. Akashika bega la mtu wa kwanza. "Nani amekufa?"

Yule mtu akamtazama, akarudi nyuma hatua mbili. "Wewe," akasema.

Nilishushwa na wanawake waliosimama duara wakiwa wameshika mablanketi, mzee akiwa amegeuzwa kuelekea ukutani. Kesho yake ilibidi kondoo achinjwe kuondoa mkosi ule, na waliomlilia Zakayo wakaja wote kula, wakala kwa moyo mweupe kabisa. Mimi sikula. Nilikuwa nakunja nguo zangu na za Sara.

Jumapili asubuhi mzee aliketi nje akiangalia makonge, mimi nikakaa ndani nyuma ya mlango, na Zakayo akasimama mlangoni kubeba maneno, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie mkeo," mzee akasema, "nilikuja kumchukua."

"Baba anasema alikuja kukuchukua," Zakayo akasema. Mimi nilikuwa nimekumbatia fundo la nguo, machozi yanatiririka.

"Mwambie amevunja kila kitu tulichofundishwa na baba zetu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na naomba nisiione tena." Akapangusa kofia yake. "Halafu mwambie afungue mizigo yake. Nyumba hii ina mtu mmoja anayeishikilia, Zakayo, na si wewe. Kama ni lazima nirudi na mtu, nitarudi na wewe."

Zakayo alifungua mdomo anibebee maneno hayo, akaufunga. Nikacheka nyuma ya mlango huku nalia, na nina hakika nilimsikia mzee naye anakohoa, kile kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Tufani yenyewe, karani alisema baadaye, ilikuwa imegeuka ikarudi zake baharini, na kilichotupata sisi ni mvua ya kawaida tu ya msimu. Kwa hiyo nilijidhalilisha bure, lakini nilibaki na mume wangu. Na nikaapa, kiapo ambacho sijakivunja mpaka leo, kwamba mtu akiniita nikiwa mahali pa juu, siitikii "mmh". Natoa kofia, nasema jina langu lote na la baba yangu, kisha namwomba kwa heshima aniachie benchi.