Tambi za Mwalimu Aiko

Juzi nilirudi kutoka kazini nikiwa hoi, nikakuta jirani anakaanga kabichi. Ile harufu ikanirudisha utotoni Maisaka, uani kwetu.

Mama alikuwa ametoka kupalilia mahindi. Aliketi kwenye kigoda bila hata kufungua kilemba kilichojaa vumbi. Mwalimu Aiko, Mjapani aliyepanga chumba chetu cha uani, akatoka na sufuria yake.

"Mama Neema, pumzika. Leo napika mimi."

Nilisubiri Mama akatae. Kwetu mgeni hakushika mwiko wakati mwenye nyumba yupo. Mama akasema tu, "Haya, Mwalimu."

Mwalimu akachemsha tambi, zile ambazo sisi tulizipika kwa sukari, akazimwaga juu ya kabichi na karoti zilizokuwa zikilia kwenye mafuta, akanyunyizia sosi nyeusi yenye chumvi kali. Maharage yetu kwa kawaida yalikaa jikoni tangu mchana hadi jioni. Hiki chakula kilikuwa tayari kabla sijamaliza kuosha sahani. Niliamini ni kibichi. Tena nikamwona Mama amefumba macho, nikajua amekasirika.

"Mama, umechukia?" nilinong'ona.

"Niache, Neema," alisema bila kuyafumbua. "Nasikiliza mtu mwingine akipika."

Nilidhani analalamika. Juzi, mkoba ukiwa bado begani, nilisimama karibu na dirisha la jirani, nikafumba macho, nikasikiliza mpaka sufuria iliponyamaza.