Ngamia wa Swali la Nne

Kozi yetu ya afya ya mifugo hapa Garissa ina karatasi mbili za mtihani: ya kuchagua herufi na ya insha. Anayeanguka hata moja hapati cheti.

Wengi hupenda herufi. Kijana mmoja wa mjini aliniambia waziwazi, "Mwalimu, kwa insha ujinga wangu unaonekana wote. Kwa herufi hata nikibahatisha, nani atajua?" Akaipita.

Mama mmoja wa Banissa, aliyechunga ngamia tangu utotoni, aliianguka. Alijaza kurasa nne za insha nzuri, lakini kwenye herufi aliacha maswali tisa bila jibu. Watu wa kwao walikuwa wamemteua awe mhudumu wao wa mifugo, na bila cheti hangekabidhiwa dawa. Nikampa nafasi ya kurudia siku ya Alhamisi, kisha nikamwita tuzungumze.

Nilimsomea swali la nne: ngamia hali chakula, tumbo limevimba, ana nini?

"Amekunywa wapi?" akaniuliza.

"Swali halisemi."

"Jana alikula miti gani?"

"Halisemi."

"Sasa nitajibu nini? Nikikosea, ngamia ya mtu imekufa."

Yule kijana, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akacheka. "Abaayo, dada yangu, hiyo ngamia ni ya karatasi! Weka B, twende chai."

"Wewe hata ya karatasi utaua," mama akamjibu.

Hapo nikaelewa. Hakukosa jibu, alilelewa kutotaja ugonjwa kabla ya kumhoji mwenye mnyama.

"Fikiria uko Modogashe," nikamwambia. "Mwenye ngamia anakuita kutoka juu ya lori, na lori linaondoka. Umesikia dalili mbili tu. Utamwambia nini?"

Akafikiri. "Gesi. Lakini nitamwambia ashuke."

"Basi chagua gesi. Herufi haikuulizi yote unayoyajua. Inauliza ungeanzia wapi."

Alhamisi alijibu maswali yote. Kando ya kila herufi aliandika swali lake kwa penseli: Ana mimba? Wamehama lini? Wengine kundini wako sawa?

Nilisahihisha herufi peke yake, kama kanuni inavyotaka, na akapita kwa kuzidi alama mbili tu. Yale ya penseli sikuweza kuyapa alama. Niliyanakili daftarini, na mwaka huu ndiyo niliyoanza nayo somo la kwanza.